Kama wanawake ndio wanaotamba kwenye pop, hizo mizani mbili ziko wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na dada yangu tunapenda muziki wa pop kupita kiasi, na tukibishana huwa tunakwama palepale. Yeye anasema tasnia hii inawapima wanawake na wanaume kwa mizani tofauti. Mimi naona wanaotamba ni wanawake haohao: Taylor Swift, Beyoncé, Rihanna, Billie Eilish. Kama wanaonewa, wamefikaje juu? Tena siku hizi mwanamke akikosolewa tu, watu wanadai ni kwa sababu ni mwanamke. Naomba jibu lenye ushahidi, si la jazba.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na pale unaposema kweli, maana si padogo. Ziara ya Taylor Swift iliyomalizika Desemba 2024 iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 kwa tiketi, na hakuna ziara ya msanii yeyote iliyowahi kufika hapo kabla yake. Beyoncé ana tuzo 35 za muziki za Grammy, na hakuna mtu mwenye nyingi kuliko yeye. Anayekwambia kwamba mlango wa pop umefungwa kwa wanawake hajui anachosema.

Ila mabishano yenu yanakwama kwa sababu mnabishania nani yuko juu, na hilo halitawapa jibu hata mkikesha. Dada yako anazungumzia jambo jingine: tendo lilelile likifanywa na mwanamume na mwanamke, kila mmoja analilipia kiasi gani? Kulipima hilo kunawezekana. Tafuta tendo moja lililofanywa na wawili, ikiwezekana usiku mmoja na jukwaa moja, halafu fuatilia maisha ya kila mmoja baada ya hapo. Matukio ya namna hiyo ni machache, lakini yapo, na moja linajulikana karibu sekunde kwa sekunde.

Tarehe 1 Februari 2004, mjini Houston, waimbaji Janet Jackson na Justin Timberlake walitumbuiza wakati wa mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani ambayo hukusanya watazamaji wengi wa televisheni kuliko karibu kipindi kingine chochote nchini humo. Mwishoni mwa wimbo wa pamoja, Timberlake alinyoosha mkono akavuta kipande cha vazi la Jackson kifuani. Nguo ya ndani iliyotakiwa kubaki chini yake ikatoka nacho, na titi la kulia likaonekana kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Jackson alikuwa na miaka 37 na jina kubwa la zaidi ya muongo mmoja na nusu. Timberlake alikuwa ametimiza miaka 23 siku moja tu kabla.

Angalia vizuri nani alifanya nini. Mkono ni wa mwanamume, kifua ni cha mwanamke. Wote wawili walikuwa kazini, wote wawili walifanya mazoezi ya onyesho lile, na wote wawili waliomba radhi ndani ya siku chache. Jackson alifanya hivyo kwa taarifa na kwa video.

Wiki moja baadaye, Februari 8, zikafanyika Grammy, zikirushwa na CBS, kituo kilekile cha televisheni kilichorusha Super Bowl. Timberlake alikuwepo, akaomba radhi akiwa jukwaani, akaondoka na tuzo mbili. Jackson hakuwepo. Machi mwaka huohuo akatoa albamu mpya, na nyimbo zake zikapita kimyakimya kwenye redio na televisheni za muziki ambazo miaka michache nyuma zilikuwa zikimpigia magoti. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoza CBS faini ya dola 550,000. Kesi ikazunguka mahakamani hadi 2012, Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza na faini ikafa. Kwa hiyo hata kampuni ilitoka salama.

Timberlake alitoa albamu nyingine mwaka 2006 iliyouzwa mamilioni. Mwaka huohuo aliiambia televisheni ya muziki ya MTV kwamba huenda yeye alibeba asilimia 10 tu ya lawama, na kwamba Marekani ni kali zaidi kwa wanawake na kwa watu wasio weupe. Kumbuka, hayo ni maneno ya mtu aliyefaidika. Februari 2018 akarudishwa kwenye mapumziko ya Super Bowl kama nyota mkuu wa usiku. Jackson hajarudishwa hata mara moja. Februari 2021, miaka 17 baada ya tukio, Timberlake akaandika kumwomba radhi Jackson na pia mpenzi wake wa zamani, mwimbaji Britney Spears, akikiri kwamba alinufaika na mfumo unaoruhusu ubaguzi.

(Kwa wapenda historia ya intaneti: Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu wa YouTube, amewahi kusema kwamba ugumu wa kuipata video ya tukio lile mtandaoni ni moja ya vitu vilivyochochea wazo la tovuti hiyo. Dunia nzima ilitaka kuliona titi. Aliyelipa ni mwenye nalo.)

Nimekaa sana hapa kwa makusudi, kwa sababu tukio hili linajibu lile neno lako la "jazba". Huhitaji kukisia nia ya mtu yeyote. Tendo ni moja, usiku ni mmoja, radhi zimeombwa na wote, na matokeo yametofautiana kwa miaka 14. Utasema rangi ya ngozi nayo ilikuwemo. Ilikuwemo, tena sana, na ndiyo maana mwanamke mweusi kwenye pop hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Lakini chukua tukio ambalo rangi haimo. Agosti 25, 2013, kwenye tuzo za video za MTV mjini Brooklyn, mwimbaji Miley Cyrus alicheza kwa kumkatikia mwimbaji mwenzake Robin Thicke mbele ya kamera. Miley alikuwa na miaka 20. Thicke alikuwa na miaka 36, ana mke na mtoto, na wimbo uliokuwa ukichezwa pale ulikuwa wake. Kwa wiki nzima magazeti yaliuliza msichana yule amepatwa na nini. Waliouliza baba yule alikuwa anafanya nini walihesabika.

Mwaka huohuo, Januari, Minami Minegishi wa kundi la wasichana la AKB48 la Japani alipigwa picha na gazeti akitoka nyumbani kwa kijana, naye msanii wa kundi jingine. Alinyoa kichwa chake chote, akajirekodi akilia na kuomba radhi, na video ikawekwa kwenye chaneli rasmi ya kundi. Alishushwa cheo hadi mwanafunzi. Alikuwa na miaka 20, na kosa lake ni kuwa na mpenzi. Wa kuomba radhi kwa machozi mbele ya dunia alikuwa yeye tu.

Ukiniuliza mimi ubaguzi mkubwa zaidi uko wapi, sitasema kwenye fedha wala kwenye tuzo. Uko kwenye msamaha. Mwanamume wa pop anapokosea, tasnia huanza kuhesabu siku hadi atakaporudi. Mwanamke anapokosea, au hata anapokosewa, huhesabiwa sababu za kutorudi. Mwimbaji Chris Brown alimshambulia mpenzi wake Rihanna usiku wa kuamkia Grammy za Februari 2009, akakiri kosa mahakamani, akahukumiwa miaka mitano ya uangalizi na kazi za jamii. Februari 2012 alitumbuiza kwenye jukwaa la Grammy hizohizo na kuondoka na tuzo ya albamu bora ya R&B. Katikati ya hapo, Rihanna ndiye aliyekuwa akihojiwa: kwa nini alirudiana naye, kwa nini hakusema mapema, wasichana wadogo watajifunza nini kwake. Picha ya uso wake uliovimba ilivuja na kuzungushwa duniani bila ridhaa yake. Julai 2020 rapa Megan Thee Stallion alipigwa risasi miguuni, na kwa zaidi ya miaka miwili alitaniwa kwenye nyimbo na mitandaoni kama mwongo, hadi baraza la mahakama lilipomtia hatiani rapa mwenzake Tory Lanez Desemba 2022.

Najua utanijibu kwamba wanaume nao huanguka. Ni kweli. Mwimbaji R. Kelly yuko gerezani kwa makosa ya unyanyasaji wa kingono. Lakini piga hesabu ya muda. Alimwoa mwimbaji Aaliyah Agosti 1994, binti akiwa na miaka 15 na yeye 27, kwa cheti kilichoandikwa kwamba bibi harusi ana miaka 18. Habari hiyo ilichapishwa miaka hiyohiyo, si siri iliyofukuliwa jana. Hukumu ya hatia mjini Brooklyn ilitoka Septemba 2021. Kati ya tarehe hizo mbili alirekodi, alizunguka dunia, alipewa tuzo, na nyimbo zake ziliimbwa hadi kwenye mahafali ya watoto. Jackson hakupewa hata miezi miwili.

Sasa nije kwenye hoja yako ya "wapo juu". Walio juu unaowaona ni walioshika kipaza sauti. Chuo Kikuu cha Southern California kina kitengo cha utafiti kinachoongozwa na Stacy L. Smith, na Januari 2018 kilitoa hesabu ya nyimbo 600 zilizotamba zaidi kwenye chati ya Marekani ya Billboard Hot 100 kuanzia 2012 hadi 2017. Wanawake walikuwa asilimia 22.4 ya wasanii. Kwenye utunzi wakashuka hadi 12.3. Kwenye uprodyuza, uliohesabiwa kwa nusu ya nyimbo hizo, asilimia 2. Yaani kwa kila prodyuza mmoja wa kike kulikuwa na 49 wa kiume, na hiyo ni miaka ileile ambayo wewe na mimi tungeapa kwamba pop ni ya Adele, Katy Perry na Rihanna.

Siku chache baada ya ripoti hiyo, Neil Portnow, aliyekuwa mkuu wa taasisi inayotoa Grammy, aliulizwa kwa nini wanawake wamepata tuzo chache hivyo usiku wa Grammy za mwaka huo. Alijibu kwamba inabidi wanawake wajitutumue. Aliondoka madarakani mwaka uliofuata. Tuzo ya Grammy ya prodyuza bora wa mwaka, kwa muziki usio wa klasiki, ipo tangu katikati ya miaka ya 1970, na hadi tuzo za 2025 hakuna mwanamke aliyewahi kuibeba. Wa kwanza hata kuteuliwa, mwaka 1990 pamoja na maprodyuza Jimmy Jam na Terry Lewis, ni nani? Janet Jackson. Wengi walioliona lile titi hawajui hilo.

Kwa nini nahangaika na prodyuza, mtu ambaye shabiki hata sura yake haijui? Kwa sababu prodyuza ndiye mwenye chumba. Ndiye anayeamua sauti gani ibaki, nani aitwe kutunga ubeti wa pili, kazi iishe saa ngapi za usiku na nani abaki. Hupata sehemu ya mapato ya rekodi, na mara nyingi jina lake huingia kwenye utunzi pia, kwa hiyo hulipwa kwa miongo, hata mwimbaji akishasahaulika. Tena ufundi huu hupokezanwa kwa kukaa pembeni ya fundi: kijana anaanza kwa kukunja nyaya, anapewa kurekodi sauti za majaribio, siku fundi hayupo anashika yeye. Msichana wa miaka 18 anayealikwa studio hadi saa tisa usiku, na yeye ndiye mwanamke pekee mle ndani, hupima hatari ambayo kaka yake haipimi. Wengi huacha hapo, kabla hata kipaji hakijapata nafasi ya kujadiliwa.

Na hata anayevuka, sifa humtoroka. Björk, mwimbaji wa Iceland, alieleza mwaka 2015, katika mahojiano na tovuti ya muziki ya Pitchfork, jinsi kazi ya midundo aliyoifanya mwenyewe kwa miaka ilivyopewa wanaume waliojiunga na mradi dakika za mwisho. Alisema kitu ambacho mwanamume akikisema mara moja kinasikika, mwanamke inambidi akirudie mara tano. Ushauri aliosema alimpa mwanamuziki mwenzake M.I.A. ulinifurahisha na kunihuzunisha pamoja: jipige picha ukiwa mbele ya mitambo ya studio, maana watu hawaamini mpaka waone.

Mfano wa Taylor Swift ni mzuri zaidi kwa sababu una tarehe mbili. Mwaka 2010, baada ya kusikia minong'ono kwamba nyimbo anatungiwa na waandishi wenzake, alitoa albamu yenye nyimbo 14 alizozitunga peke yake, kila mstari. Ungedhani suala limekwisha. Januari 2022 mwanamuziki Damon Albarn wa Uingereza akaliambia gazeti la Los Angeles Times kwamba Swift hatungi nyimbo zake, na alipopingwa akasema kutunga kwa kushirikiana hakuhesabiki. Swift akamjibu hadharani, naye akaomba radhi siku hiyohiyo. Sasa fikiria wanaume wangapi wa pop na rock wanatunga wawili wawili, na kushirikiana kwao huitwa urafiki wa kihistoria. Swift mwenyewe aliwahi kusema, mwaka 2014 alipokuwa Australia, kwamba yeye huandamwa kwa kuimba kuhusu wapenzi wake wa zamani wakati Ed Sheeran na Bruno Mars wanaimba hayohayo na hakuna anayeshtuka. Sidhani kama kuna anayeweza kulipinga hilo kwa uso mkavu.

Kwenye mwili na mavazi nitapita haraka, si kwa sababu ni dogo, bali kwa sababu kila mtu ameshalisikia. Billie Eilish alianza kwa nguo pana, akaeleza mwaka 2019 kwamba huzivaa ili mtu asipate cha kusema kuhusu mwili wake. Akasifiwa, na sifa zile zikawa fimbo ya kuwachapia wasichana wengine wanaovaa nguo fupi. Mwaka 2021 akapigwa picha akiwa na vazi la kubana kwenye jalada la Vogue la Uingereza, na baadhi ya haohao waliomsifu wakamwita msaliti. Mwimbaji Charlotte Church, katika mhadhara wa redio wa BBC mwaka 2013, alisimulia jinsi alivyosukumwa na mabosi wa kiume akiwa na miaka 19 au 20 avae nguo zinazoonyesha zaidi, na jinsi lawama za mavazi hayo zilivyomrudia yeye. Akifunika, hauzi. Akifunua, anajiuza.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba sura hiyo ina ankara. Msanii akisaini mkataba wa kawaida wa lebo hupewa malipo ya awali, ambayo kimsingi ni mkopo unaokatwa kwenye mrabaha wake. Juu ya mkopo huo hupandishwa gharama za kurekodi, na kwenye mikataba mingi sehemu ya gharama za video na ruzuku ya ziara. Mwanamume anaweza kupanda jukwaani na fulana na jinzi, akasifiwa kwa unyenyekevu. Mwanamke anayefanya hivyo anakuwa habari, kwa hiyo anahitaji mpambaji wa uso, mtu wa nywele, mbunifu wa mavazi na wanenguaji, kila onyesho. Zinapoandikwa kwenye hesabu yake, mrabaha wake unachelewa kuanza kutiririka, hata kama mauzo yake na ya mwenzake wa kiume yanalingana. Ukisikia msanii wa kike mwenye nyimbo kali anasema hana fedha, usikimbilie kumwita mbadhirifu. Na hata utajiri wa Rihanna uliyemtaja: Forbes ilipomtangaza bilionea mwaka 2021 ilikadiria mali yake kuwa dola bilioni 1.7, na takriban bilioni 1.4 kati ya hizo zilitokana na kampuni ya vipodozi. Nisije nikaonekana napendelea, Jay-Z naye utajiri wake mwingi umetoka nje ya muziki, ukiwemo wa vinywaji. Rekodi peke yake hutajirisha wachache mno.

Umri ndiko ninakopenda kuwapeleka wenye mashaka. Utasikia kwamba siku hizi hata wanawake wazee wanaongoza chati, na kwa karatasi ni kweli. Juni 2022 Kate Bush alifika namba moja Uingereza akiwa na miaka 63, akaweka rekodi ya mwanamke mwenye umri mkubwa zaidi kufika hapo. Desemba 2023 Brenda Lee akafika namba moja Marekani akiwa na miaka 78, akaivunja rekodi ya Louis Armstrong aliyeongoza mwaka 1964 akiwa na 62. Sasa sikiliza sauti zenyewe. Wimbo wa Bush ni wa 1985, aliurekodi kabla hajafika miaka 30. Wimbo wa Lee ni wa Krismasi, aliurekodi 1958 akiwa na miaka 13. Armstrong aliongoza kwa rekodi mpya, yenye sauti yake ya uzee, mikwaruzo na yote. Tumempa mwanamke mzee namba moja, lakini kwa sauti ya ujana wake. Aliyekuwa ameshika rekodi ya Uingereza kabla ya Bush ni Cher, mwaka 1998, kwa wimbo mpya kabisa akiwa na miaka 52. Anabaki mfano adimu. Mick Jagger wa kundi la Rolling Stones alizunguka viwanja vya Amerika Kaskazini mwaka 2024 akiwa na miaka 80, na waandishi walistaajabia pumzi zake. Madonna, aliyezaliwa miaka 15 baada yake, akipanda jukwaani hustaajabiwa mashavu yake.

Watu hupendekeza dawa rahisi: ondoa vipengele vya jinsia kwenye tuzo, mshindi awe anayestahili. Tuzo za Brit za Uingereza zilifanya hivyo mwaka 2022, na Adele akashinda kipengele kipya cha msanii bora wa mwaka. Watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata wateule watano wa kipengele hicho wote walikuwa wanaume. Mwaka 2024 wakaongeza wateule hadi kumi. Mwimbaji Raye akashinda kipengele hicho, akaondoka na tuzo sita kwa usiku mmoja, rekodi mpya. Huyo Raye miaka mitatu nyuma alikuwa mitandaoni akilalamika kwamba lebo iliyomsaini tangu 2014 haimruhusu kutoa albamu yake ya kwanza. Aliachana nayo, albamu akaitoa mwenyewe mwaka 2023. Kipaji alikuwa nacho muda wote huo.

Uteuzi haudondoki kutoka mbinguni. Huanzia kwenye nani amepigwa redioni, nani amewekwa juu kwenye bango la tamasha, nani lebo imemtengea bajeti. Mwaka 2015 Keith Hill, mshauri wa redio za muziki wa country Marekani, alisema waziwazi kwamba kituo kikitaka wasikilizaji kipunguze wanawake: wanaume ndio majani ya saladi, wanawake ni nyanya zinazonyunyizwa juu. Country si pop, najua, ila nampenda mtu yule kwa ukweli wake. Wengine hufanya hivyohivyo bila kulisema. Kisha msanii wa kike asiyepigwa anaambiwa hana wasikilizaji, na takwimu za kutopigwa kwake ndizo ushahidi.

Kuhusu malalamiko yako kwamba kila ukosoaji wa mwanamke unaitwa ubaguzi, hapo niko upande wako kiasi fulani. Albamu mbovu ni mbovu. Msanii wa kike anayewadhulumu wafanyakazi wake anastahili kulaumiwa kama mwingine. Mashabiki wanaojificha nyuma ya jinsia ya nyota wao ili asiguswe wanamharibia hata yeye. Tena wanaohukumu kwa mizani mbili si mabosi wa kiume peke yao. Ukifungua maoni chini ya picha ya mwimbaji wa kike, waliochambua tumbo lake mara nyingi ni wanawake wenzake. Na wavulana wa makundi ya pop nao hutafunwa: hukatazwa wapenzi, hufanyishwa kazi usiku na mchana, huangaliwa uzito. Chen wa kundi la EXO la Korea Kusini alipotangaza ndoa mwaka 2020, baadhi ya mashabiki waliandamana wakitaka aondolewe. Hakuondolewa wakati ule, lakini aliona cha moto.

Kwa hiyo usiulize kama mwanamke amekosolewa. Uliza amekosolewa kwa lipi, na kama kuna mwanamume aliyefanya hilohilo tukalipita. Ukimkosa mwanamume wa kulinganisha naye, huenda dada yako ametia chumvi siku hiyo. Ukimpata, angalia yuko wapi leo.

Mambo mengine hayahitaji kulinganisha. Januari 2024 kamati ya bunge la Uingereza inayoshughulikia wanawake na usawa ilitoa ripoti kuhusu chuki dhidi ya wanawake kwenye muziki. Ilieleza wasanii, mafundi na wafanyakazi walionyanyaswa kisha wakafungwa midomo kwa mikataba ya usiri, na ikapendekeza mikataba hiyo ipigwe marufuku kwenye kesi za unyanyasaji na ubaguzi. Miezi michache baadaye serikali ya wakati huo ikayakataa mapendekezo makuu. Ndiyo maana ushahidi tulionao hadharani ni ule uliotokea mbele ya kamera au mahakamani. Uliobaki umesainiwa na kufungiwa.

Kama mnataka kuendelea na mabishano, chagueni albamu kumi za pop mnazozipenda wote wawili, nusu za wanawake na nusu za wanaume. Programu nyingi za kusikilizia muziki huonyesha majina ya walioshiriki ukigusa alama ya maelezo kwenye wimbo. Rukeni jina la mwimbaji, someni mstari wa watunzi, kisha wa maprodyuza, kisha wa fundi aliyechanganya sauti, mkihesabu wanawake kwa kila mstari. Anzeni na albamu za wanawake.